Je, Ni Aibu kwa Mganga Kusema "Sijui"?

Mwaka mmoja, majira ya kupalilia mahindi, mtoto wa darasa la kwanza katika mtaa wetu wa Mutuka, hapa Babati, alikuja shuleni ameshika shavu. Umri wake ulikuwa miaka saba. Tulimwambia afunue kinywa, tukaona ufizi umevimba na jino moja linacheza, nasi tukasema pale pale mbele ya wenziwe, "Ni jino hilo. Mwambie mama akupeleke waling'oe." Twaliandika neno hili mwanzo wa habari yetu kwa kusudi, ili msomaji asidhani kwamba twaja kuwahukumu wengine hali sisi wenyewe hatuna hatia.

Mama yake akaenda duka la dawa, akapewa vidonge vya siku tano. Vilipokwisha, shavu lilikuwa kubwa kuliko kwanza. Akampeleka mtoto mahali wanapong'oa meno, na jino likatoka bila kushindana, kama muhogo katika udongo uliolowa. Yule mng'oaji akafurahi, akasema, "Limetoka pamoja na shina la ugonjwa." Baada ya juma moja meno mengine mawili yakalegea. Ndipo jirani, mama mtu mzima mwenye sifa ya kujua mambo ya watoto, akasema ni kimeo, nacho kikakatwa. Basi hesabu, ndugu msomaji: watu wanne, nasi tu wa kwanza wao, na kila mmoja alilitaja jina la ugonjwa bila shaka hata kidogo. Yakapita majuma saba.

Wa tano alikuwa daktari kijana katika hospitali moja ya misheni. Alimtazama mtoto kinywani, kisha akamlaza akambonyeza tumbo, jambo lililomshangaza baba, maana mwanawe aliumwa shavu. Akamgeukia mama, akamwuliza, "Mama, wewe umeona nini?" Mama akasema kwamba hata kabla ya jino kulegea mtoto alikuwa ameacha kukimbia na wenzake, na usiku alilowa jasho. Hapana hata mmoja katika sisi wanne aliyekuwa amemwuliza. Daktari akanawa mikono, akaketi, akasema, "Mzee, sijui huu ni ugonjwa gani. Nashuku mambo mawili matatu. Sitampa dawa mpaka tumewauliza wengine."

Baba alikuwa ameuza mbuzi wawili kwa nauli ya safari ile. Aliporudi nyumbani kutafuta fedha nyingine alisimama barazani kwetu, akasema kwa uchungu, "Nimekwenda mbali kumtafuta ajuaye, naye ndiye wa kwanza kuniambia kwamba hajui!" Wazee waliokuwapo walimwunga mkono. Mmoja akasema mganga asiyejua ni kama mchungaji asiyejua idadi ya ng'ombe zake. Ni nani atamkabidhi zizi? Mabishano yakaendelea hata taa zikawashwa, na swali lile halijatutoka moyoni tangu siku hiyo. Je, ni aibu kwa mganga kusema "sijui"? Na mgonjwa ana haki ya kudai nini kwake, jibu la upesi au jibu la kweli, ikiwa hayo mawili hayapatikani pamoja?

Twaona ya kwamba mapenzi yetu kwa mtu asiye na shaka hayatoki katika akili bali katika hofu. Mwenye mtoto mgonjwa ni kama mtu apitaye porini usiku. Akisikia mtu asema, "Njia ni hii," humfuata, wala hamwulizi amejuaje. Jina la ugonjwa hutuliza moyo hata kama si jina lake. Sisi waalimu twaijua dhambi hii vema kuliko waganga. Mwanafunzi akiuliza jambo tusilolijua, mara nyingi tumemjibu neno lo lote lenye sauti kubwa, naye ameketi ameridhika, na darasa limetusifu. Hasara ya jibu lile haikuonekana siku hiyo. Kwa mganga hasara huonekana, tena huonekana katika mwili wa mtu mwingine.

Na uvimbe, katika magonjwa yote, ndio unaoweza kumdanganya mtu mmoja aliye peke yake. Jipu huuma na kutoa usaha, likajitangaza lenyewe. Lakini uvimbe mbaya mara nyingi hauumi mwanzoni, na pale unapojitokeza huenda si pale ulipoanzia. Mkono wa mganga hugusa ukubwa wake na ugumu wake, basi. Picha ya eksirei huonyesha mfupa ulioliwa. Mashine ya mawimbi ya sauti, ile wanayotazamiwa akina mama wajawazito, huonyesha kitu kilicho ndani ya tumbo, kama ni maji au ni nyama. Ziko na mashine kubwa zaidi zimpigazo mtu picha kwa vipande, kama mkate uliokatwa. Lakini picha zote hizi ni vivuli. Ukiona kivuli cha mtu katika pazia wajua kwamba mtu yupo, wajua kimo chake, tena wajua amesimama wapi. Hujui kama ni mgeni au ni mwivi.

Kwa sababu hiyo hukatwa kipande cha nyama, kidogo kama punje ya mahindi, kikatiwa katika chupa yenye dawa ya kuzuia kuoza. Huko kiendako hukaushwa maji yake kwa spiriti, kikazamishwa katika nta mpaka kikawa kigumu, kisha hukatwa kwa wembe maalum vipande vyembamba mno, hata mia mbili vyake vikipangwa pamoja havizidi unene wa milimita moja. Hutiwa rangi, na moja ya rangi hizo hutoka katika mti wa nchi ya Meksiko, ndipo vikatazamwa kwa hadubini. Hapo mtazamaji huona chembe za mwili, kama zimejipanga kwa taratibu yake au kama zimeasi. Mtu angedhani kwamba hapa ndipo penye jibu la mwisho, lisilohitaji neno la mwingine. Sivyo. Mwenye hadubini naye akiletewa chupa isiyo na habari, asiambiwe umri wa mgonjwa, wala nyama imetoka mahali gani, wala uvimbe umekua kwa siku ngapi, aweza kukosa. Na chupa nyingi hufika na karatasi iliyojazwa nusu, maana aliyekata alikuwa na haraka, au aliona kwamba kazi ya kujua si yake.

Basi kila mmoja ana nusu ya neno. Mwenye mkono ana nusu, mwenye picha ana nusu, mwenye hadubini ana nusu, na mama aliyemwona mtoto ameacha kukimbia ana nusu yake pia. Asemaye "najua" kabla hajazipata nusu za wenziwe, hata akibahatisha, hajajua.

Ili tusionekane twasema maneno matupu, na tuitazame habari iliyotokea kwa jirani zetu wa Uganda, juu ya ugonjwa wa namna hii hii.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje amtazame mtoto mwanamume wa miaka mitano, aliyevimba taya, juu na chini, kuume na kushoto. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland, naye alikuwa na jicho moja tu, kwa kuwa la pili lilipotea alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Hakuujua ugonjwa ule. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatazama dirishani, akamwona mtoto mwingine nje mwenye uso kama ule. Akatoka kumpima, akakuta kwamba ana uvimbe tumboni pia. Hapo akaanza kuyafungua madaftari ya Mulago, akaona kwamba wengi katika watoto waliovimba taya walikuwa na uvimbe mahali pengine, katika figo, au ini, au penginepo.

Twapenda msomaji alifahamu jambo hili vizuri. Watoto wale hawakuwa wamefichika. Mganga wa meno aliwaona, akaandika ugonjwa wa taya. Mganga wa macho aliwaona, akaandika ugonjwa wa jicho. Aliyepasua matumbo akaandika ugonjwa wa figo. Kila mmoja alisema kweli katika daftari lake, na kweli zote zikalala katika makabati mbalimbali. Hata Sir Albert Cook, mmisionari aliyeifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliandika zamani habari za watoto wenye taya zilizovimba. Karatasi zake zilipochunguzwa baadaye, ugonjwa ulikuwamo. Hatumlaumu. Angemwuliza nani?

Burkitt alitoa habari zake kwa chapa mwaka 1958. Lakini yeye kazi yake ilikuwa kisu. Waliotambua kwa hadubini ya kwamba nyama zile za taya na za figo na za jicho zote ni za ugonjwa mmoja, na kwamba si uvimbe wa mfupa bali ni wa chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, walikuwa wachunguzi wa Makerere, Jack Davies na George O'Conor. Kisha Burkitt akatuma barua zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika, akiuliza kama wamemwona mtoto wa namna hii. Mwezi wa Oktoba 1961 akaondoka Kampala mwenyewe kwa motokaa kuukuu pamoja na waganga wawili wa misheni, Ted Williams wa Kuluva na Cliff Nelson. Walikwenda hata Afrika ya Kusini wakarudi, majuma kumi, maili zipatazo elfu kumi, wakipita Tanganyika yetu, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wengi wa waliowajibu walikuwa watu wa hospitali ndogo za vijijini, wasiojulikana popote, na bila majibu yao ramani isingekamilika.

Ramani ile ilionyesha ya kwamba ugonjwa hufuata nchi za joto na mvua, na kwamba huku kwetu karibu na ikweta hauonekani sana juu ya futi 5,000. Babati yetu iko chini kidogo ya mpaka huo, na vilima vya Mbulu viko juu yake. Leo yajulikana kwamba malaria ina sehemu katika jambo hili, pamoja na virusi ambavyo Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walivigundua London mwaka 1964, katika nyama iliyopelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Na kwa upande wa kuponya, Kampala haikuwa na mashine ya kuchoma uvimbe kwa mionzi, na kisu hakikufaa. Wakajaribu dawa za kutia mwilini, na uvimbe wa watoto wengine ukayeyuka kwa siku chache, hata wasioamini wakaamini. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kuwatibu, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Yote haya yalianza wapi? Yalianza siku Trowell, daktari mkubwa mwenye sifa, alipomtazama mtoto akamwita mwenzake.

Walakini wazee wa barazani kwetu hawakuwa wapumbavu, wala hatutaki kuwashinda kwa hadithi moja. Wahenga walituachia maneno mawili yasiyopatana. Walisema, "Penye wengi hapaharibiki neno." Tena walisema, "Nahodha wengi, chombo huenda mrama." Kila mtu hulichukua lile limfaalo. Nasi tumeona yote mawili yakitimia. Ni nani katika wasomaji asiyewahi kwenda mahali penye shauri lake, akaambiwa na huyu nenda kwa yule, na yule akamrudisha kwa huyu, hata jua likachwa? Watu kumi wakikutana juu ya mgonjwa, kila mmoja aweza kudhani kwamba mwenzake amekwisha mwambia mama habari, na mama akabaki kizuizini hana habari. Tena lawama ikigawanywa kwa watu kumi huwa nyepesi kama unyoya, wala hapana aibebaye.

Kwa hiyo twasema kwamba kuuliza si kukabidhi. Katika hospitali kubwa, ambako mpasuaji, msoma picha, mwenye hadubini, mwenye dawa na wauguzi hukutana kufanya shauri juu ya wagonjwa wa uvimbe, shauri jema ni lile ambalo kila mgonjwa ana mtu mmoja wa kumjibia. Huyo ndiye aliyempokea, ndiye atakayetoka nje kusema na wazazi, ndiye atakayeulizwa mambo yakiharibika. Macho yawe mengi, lakini mgonjwa asikose mwenyewe. Palipo na macho mengi bila mwenyewe, hapo wazee wana haki, na heri mtu mmoja abahatishaye.

Kuna na jambo la muda, nalo ni zito zaidi. Uvimbe huu wa watoto ni katika zile zinazokua kwa kasi kuliko zote. Yasemekana chembe zake huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Mganga asemaye "sijui, rudi mwezi ujao" amefanya vibaya kuliko yule mng'oa meno. "Sijui" ya kweli ina miguu: huondoka siku ile ile kwenda kumtafuta ajuaye. Lakini hapa na tuhesabu kwa haki. Majuma saba hayakuliwa na daktari asiyejua. Yaliliwa na sisi wanne tuliojua. Wale waliouliza walimaliza kazi yao kwa siku tisa.

Tena masikini atasema, hayo ni ya watu walio karibu na hospitali kubwa. Neno hili lina uchungu, maana ni kweli. Hospitali za KCMC huko Moshi na Bugando huko Mwanza, zote mbili zilizofunguliwa mwaka 1971, ziko mbali na Mutuka kwa mtu mwenye mbuzi wawili. Na Muhimbili na Ocean Road za Dar es Salaam ziko mbali zaidi. Lakini chupa yenye kipande cha nyama hailipi nauli kama mtu, na picha siku hizi husafiri kwa simu isile chakula njiani. Mengi ya maswali yaweza kusafiri kabla ya mgonjwa, ikiwa aliye naye ana moyo wa kuuliza. Penye kiburi, hata hospitali iwe ng'ambo ya barabara, ni mbali.

Sasa tumrudie mtoto. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe katika figo zote mbili. Kipande cha nyama kilirudi na jina, nalo ni jina la yule mpasuaji mwenye jicho moja. Akapelekwa mbele, mama yake pamoja naye. Kabla ya dawa walimtia maji mengi mishipani usiku na mchana, kwa sababu uvimbe kama huu ukifa kwa haraka takataka zake huweza kuziba figo na kumwua mtoto ambaye dawa imekwisha mfaa. Muuguzi mmoja alikuwa akipima mkojo wake kila saa na kuuandika. Mama alituambia baadaye kwamba daktari mkubwa alipopita asubuhi alimwuliza kwanza yule muuguzi, ndipo akamtazama mtoto. Hatujui kama mama alifahamu maana yake, lakini ndilo jambo la kwanza alilotusimulia.

Kwa juma moja uso ulianza kurudi. Nywele zikaanguka, akatapika sana, akakonda, mara mbili ikadhaniwa hataamka. Matibabu yalichukua miezi. Tulipouliza kama amepona, daktari yule kijana alijibu kwa simu kwamba wenzake watamwangalia miaka miwili kabla ya kulisema neno hilo. Baba aliposikia hayo alicheka, akasema, "Bado hawajui," lakini safari hii hakukasirika.

Alirudi shuleni mwaka uliofuata, hana meno ya upande mmoja, akaketi darasa la kwanza pamoja na wadogo zake. Tulipofungua daftari la mahudhurio la mwaka uliopita ili kuhamisha jina lake, tuliona kwamba katika majuma yale saba, kila siku aliyokosa, mkono wetu ulikuwa umeandika "mtoro". Tumeyakata maneno yale kwa wino mwekundu. Neno lililotupasa kuandika badala yake ni refu, nalo halikuenea katika chumba kile kidogo cha tarehe.